Kobe wa Mikebe

Majina sitaandika. Watoto wao wanapita mbele ya kibanda changu kila siku, wengine wananiletea sufuria za kuziba, na mtoto hakuomba kuzaliwa na mtu fulani. Lakini nani alifanya nini, hilo nitalisema. Nimenyamaza tangu nikiwa kijana na kunyamaza hakukunirudishia mguu.

Mguu wangu wa kushoto uliisha chini ya trekta la minyororo, huko barabara ya Oldonyiro, tulipokuwa tunachimba silanga, yaani bwawa la kunyweshea mifugo wakati wa kiangazi. Trekta hilo halikuwa la shamba. Lilikuwa la jeshi, jeshi gani sijui, la zamani sana, lililoundwa kuvuta mizinga mahali ambapo gari la kawaida linazama. Mpira halikuwa nao hata mmoja. Lilitembea juu ya mikanda miwili ya vyuma vilivyoungwa kipande kwa kipande, kama tanki. Mwenyewe alikuwa tajiri wa ngamia na ng'ombe. Alilinunua mnadani likiwa limeshazeeka, akalifungia sepetu kubwa la chuma nyuma, akaanza kupata kazi za kuchimba silanga. Sisi tuliliita Kobe, kwa mwendo wake na kwa mgongo wake.

Kazi yangu ilikuwa grisi. Shule niliiacha darasa la nne nikafuata mbuzi, mbuzi wakaisha na ukame, nikafuata Kobe. Asubuhi kabla ya kazi, na mchana watu wakienda kula, nilitambaa chini ya tumbo lake na bomba la grisi nikalisha vile vigurudumu vya chini kimoja kimoja. Mtu anayelala chini ya kitu kila siku anakijua kuliko anavyomjua mke wake. Nilijua pini ipi inalia, nati ipi imeliwa, wapi mafuta yanadondoka na yatadondoka lini. Dereva alikuwa juu, mimi nilikuwa chini, na kati yetu kulikuwa na chuma kizito.

Tulikuwa na mtindo wetu wa kuongea. Nikiingia chini nagonga chuma mara moja kwa spana, dereva anajua niko humo. Nikishatoka na kusimama wima nagonga mara mbili, anajua njia ni nyeupe. Injini haikuzimwa. Betri ilikuwa imekufa na tajiri alikataa kununua nyingine, na kumwasha Kobe bila betri ilikuwa kazi ya kamba na lori na matusi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo nilifanya kazi chini ya ngurumo. Hilo ni kosa la kwanza na ni la tajiri. Betri.

Siku ile niliingia kwa mbele, kichwa na kifua chini ya tumbo, miguu imebaki nje. Niligonga mara moja. Mara mbili sikugonga, wallahi, ningegongaje na bado nimelala? Kobe akaenda.

Maumivu sitayaandika, mwenye kuyataka ayatafute mwenyewe. Niliamka hospitali nikiwa nusu. Wazee walikaa kikao bila mimi, na habari zake nililetewa kitandani kama mtu anavyoletewa uji. Dereva alisema amegongewa mara mbili. Wazee wakasema basi hii ni kadari. Tajiri akasema hospitali ni yangu, nitalipa, na akalipa. Wote wakapangusa midomo wakaenda nyumbani.

Kwangu mimi hesabu ilikuwa rahisi. Sikugonga, yeye anasema nimegonga, kwa hiyo ananisingizia. Alikuwa amechoka, au alikuwa na miraa shavuni na mawazo mbali, akaondoa gari, kisha akaniwekea uongo juu ya kidonda. Alipokuja kuniona hospitali na kilo ya sukari na majani ya chai, alisimama mlangoni akasema, "Salaam aleikum, walaal," yaani ndugu. Nikageukia ukuta. Salamu ya Mwislamu hurudishwa, hilo najua, hata mtoto wa madrasa anajua. Sikuirudisha. Aliiweka sukari juu ya kabati ndogo akaondoka, na mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyeinywa.

Tangu hapo tuliishi mji mmoja kama maji na mafuta. Yeye Kiwanjani, mimi huku karibu na soko. Nikimwona anakuja upande huu wa barabara, mimi na mkongojo wangu tunavuka. Mke wangu wakati huo alikuwa bado bibi harusi, kaka zake walikuja na gari wakamchukua, wakasema dada yao hakuolewa na nusu mtu. Nao nawataja: wawili walikuja, mkubwa ndiye aliyesema neno hilo, mdogo ndiye aliyebeba godoro. Sikuoa tena. Nilijifunza kuziba sufuria, kutengeneza jiko, kuyeyusha vyuma laini na kumimina vifuniko. Tajiri kila Idi alinitumia nyama, mguu mzima wa mbuzi, na watu walimsifu kwa hilo. Mimi pia nilimsifu. Betri nilimsamehe. Dereva sikumsamehe.

Kobe mwenyewe alifanya kazi miaka michache, kisha injini ikakata roho na wakamburuta hadi uwanja wa tajiri, upande wa Burat, wakamwacha kwenye miiba. Nilikuwa naenda kumwangalia. Watu wana makaburi ya kuzuru, mimi nilikuwa na lile. Nilikaa kwenye jiwe nikaangalia mnyororo wa kushoto, kutu inakula, mbuzi wanapanda juu, na nilijiambia: maadamu hiki kitu kipo, hakuna mtu atakayesema niliota.

Tajiri alikufa. Mji mzima ulikwenda kuzika. Baada ya muda mtoto wake akasafisha uwanja, akaita watu wa vyuma chakavu. Nilikwenda siku moja nikakuta ardhi nyeusi ya mafuta na vipande vya rangi. Walikuwa wamemkata kwa gesi na kumpakia kwenye lori. Nilimwuliza mlinzi, "Wamebakisha nini?" Akanijibu, "Wamebakisha wewe, mzee." Akacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikashindwa kuinuka kwenye lile jiwe.

Ndipo nilipoanza kumtengeneza.

Sikutaka kitoto cha kuchezea. Nilitaka Kobe mwenyewe, mdogo, lakini mwenyewe, kila pini mahali pake. Na nitasema nilimtaka wa nini, nisionekane mzee aliyerudi utotoni. Nilitaka kumbeba hadi Kiwanjani, nimweke mbele ya dereva, nimwambie: mimi nilikuwa hapa, wewe ulikuwa hapa, sasa sema kwa mdomo wako kwamba uliondoa gari bila kugongewa. Neno hilo tu. Nilitaka kulisikia kabla mmoja wetu hajafa.

Futi na inchi sizijui vizuri. Kipimo changu kilikuwa mwili. Kila shibiri ya Kobe wa kweli niliifanya upana wa ukucha wa kidole gumba. Upana wa mnyororo niliukumbuka kwa mkono, kwa sababu nilikuwa nikiulalia: kiwiko hadi ncha ya kidole na kiganja juu. Urefu wa tumbo ulikuwa mimi nikiwa mzima, miguu yote miwili, kisha mimi tena, na kipande. Kila nilipopima ilibidi nikumbuke urefu ambao sina tena.

Kwanza nilitumia mnyororo wa baiskeli. Ulizunguka vizuri, na kila aliyeuona alisema sawasawa, maliza. Lakini ulikuwa uongo. Mnyororo wa Kobe ulikuwa na nyayo, kila kipande bamba pana lenye mgongo ulioinuka nje na jino katikati kwa ndani, na jino lile hupita kati ya magurudumu ili mkanda usitoke. Niliutupa. Nikaanza kukata bamba moja moja kutoka kwenye mikebe ya maziwa ya unga, nakunja masikio yake kwa koleo, napitisha spoku ya baiskeli kama pini, nakata, nafuta. Jino nalilehemu mwisho. Bamba moja linachukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Magurudumu niliyamimina kwa sufuria zilizopasuka, naziyeyusha na kuzimwaga kwenye mchanga wa lagha, ule mto mkavu, na yale niliyoona yana tundu la hewa nikayayeyusha upya.

Kibanda changu kiko barabarani, kwa hiyo nilifanya kazi hiyo mbele ya macho ya watu. Vijana wa bodaboda walisimamisha pikipiki wakanipa maneno.

"Mzee, hiyo ni tanki? Unapiga nani vita?"

"Anapiga askari wa kanjo," mwingine akasema.

"Buda, niuzie, nibebee miraa."

"Toa pikipiki yako kwenye kivuli changu," nikawaambia.

Jirani yangu ni mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia kwenye mitungi ya plastiki. Tumekaa kando kwa kando miaka mingi na tunaongea habari za jua na mvua. Huyo hakunicheka sana. Aliangalia tu siku hadi siku, hadi siku moja akasema, "Fundi, wenzako wanajenga nyumba. Wewe unajengea panya gari."

"Panya wa Isiolo wamechoka kutembea, mama."

"Na sufuria yangu?"

"Kesho."

"Kesho yako ina ndevu."

Hiyo ndiyo ilikuwa jamii yangu. Jioni alifunga mitungi, akasema haya basi, na mimi nikabaki na bati.

Rangi nilipaka kwa utaratibu wa Kobe. Chini kabisa alikuwa na rangi ya mchanga, juu yake kijani cha jeshi, na pale ambapo buti la dereva lilipandia kila siku kijani kilikuwa kimekwisha na mchanga unaonekana, na katikati ya mchanga chuma. Basi nilipaka mchanga, nikapaka kijani, kisha nikakwaruza pale kwa kitambaa na majivu hadi buti likaonekana lilipopita. Sanduku la vyombo nililiweka nyuma upande wa kulia, lile lililofungwa kwa bolti kwenye ukuta wa kabini, na kifuniko chake kinafunguka.

Kabini ndiyo iliyonishinda. Nje yake niliijua. Ndani sikuwahi kuingia hata mara moja. Dereva alikuwa na sheria, mtu wa grisi hapandi, atachafua kiti. Madirisha yangu madogo yalitazama ndani kwenye giza tupu. Nikasema sawa, hivyohivyo inatosha, mimi siendi kumwonyesha kiti chake. Nitamwonyesha mahali nilipokuwa mimi.

Nilimfunga ndani ya katoni ya biskuti, nikamzungushia shuka, nikapanda pikipiki ya kijana mmoja wa wale wa maneno. Njiani akaniuliza, "Sasa mzee, unaenda kuuza?"

"Naenda kudai."

"Deni?"

"Endesha."

Nyumba ya dereva haikuwa mbali na uwanja wa ndege. Geti la mabati, mti mmoja wa mwarobaini, kamba ya nguo. Binti yake alifungua, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni. Hakunijua. Nikasema nimekuja kumwona mzee, tulifanya kazi pamoja. Uso wake ukafurahi, na furaha hiyo ilinikera, kwa sababu sikuja na furaha. "Karibu, adeer," akasema, akiniita baba mdogo kwa heshima, "hakuna mtu anakuja siku hizi."

Alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani, redio ndogo pajani, imezimwa. Alikuwa mtu mkubwa zamani. Sasa shingo ilikuwa nyembamba ndani ya kola. Nilisimama mlangoni na katoni kwapani, na maneno niliyoyapanga miaka yote yakawa tayari. Yeye akageuza uso kuelekea kwangu, lakini si kwangu hasa, pembeni kidogo, kama anaangalia mtu aliyesimama begani mwangu.

Nikaelewa. Binti akasema polepole, "Ni ugonjwa wa sukari. Macho yamekwenda yote."

Nilijenga kitu cha kumwonyesha mtu asiyeona. Nilitaka kugeuka. Lakini mkongojo ulishagonga sakafu, na yeye akauinulia kichwa.

"Nani? Nani ana mguu wa mti?"

Nikaegemea fremu ya mlango.

"Salaam aleikum," akasema yeye, mwenye nyumba, akimsalimu mgeni. Akangoja. Binti alinitazama. Mtoto mgongoni alinitazama.

"Waleikum salaam," nikasema.

"Ni yule wa grisi," akamwambia binti. "Mletee chai." Kisha kwangu, "Umechelewa, walaal. Ile sukari niliyokuletea imeshaharibika."

Sikucheka. Nilikaa chini kwa shida, nikatoa Kobe kwenye katoni, nikamweka juu ya mkeka kati yetu. Nikachukua mkono wake. Ulikuwa mwepesi. Nikauweka juu ya mnyororo.

Vidole vyake vilikaa kimya kwanza. Halafu vikaanza kutembea. Vilipita nyayo za mnyororo moja moja, vikashuka kwenye magurudumu, vikarudi nyuma kwenye ndoano ya kuvutia, vikapanda mgongoni. Midomo yake ilikuwa inasogea. Alipofika kwenye ubavu, mahali pa buti, akapapasa pale nilipokwaruza.

"Hapa ndipo nilipopandia," akasema.

"Ndiyo."

"Alitengeneza nani?"

"Mimi."

"Pini ya mbele kushoto ilikuwa inalia. Umeiweka inalia?"

"Hii hailii."

"Basi bado." Akacheka kidogo, meno machache. "Ebu nisubiri niingie." Akapitisha kidole kwenye dirisha la kabini, akakizungusha ndani, na uso wake ukabadilika. "Humu hamna kitu! Kiti kiko wapi? Vijiti vyangu viko wapi?"

"Ulinikataza kupanda."

"Nilikukataza, eeh." Akatoa kidole. "Ungechafua."

Chai ililetwa. Sikuigusa. Basi nikaanza. Nikasema, "Adeer, sikuja kucheza. Weka mkono hapa." Nikauvuta mkono wake hadi mbele, ardhini, mbele ya mnyororo wa kushoto. "Mimi nilikuwa hapa. Miguu hapa, kichwa ndani. Niligonga mara moja. Nataka useme mbele ya binti yako: uliondoa gari bila kugongewa."

Binti alisimama na birika mkononi.

Yeye hakukasirika. Hilo ndilo lililonishangaza, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Akasema, "Wewe umekaa miaka yote hiyo ukidhani mimi ni mwongo. Na mimi nimekaa nikidhani mwongo ni wewe. Nilijua uligonga ukatoka, halafu ukarudi chini kwa sababu umesahau spana au nini, ukaona aibu kusema. Nilimwambia mama yake huyu, yule kijana ana aibu, mwache. Niligongewa. Mara mbili. Niliisikia hapa." Akapiga nyuma ya bega lake la kulia.

"Wapi?"

"Hapa. Ilinipiga mgongoni kabisa."

"Adeer. Onyesha kwenye gari."

Akapapasa. Vidole vikapanda mgongoni, vikashuka nyuma, vikakwenda kulia, vikasimama juu ya kifuniko cha sanduku la vyombo. Akakigonga kwa ukucha. Ti, ti.

Mimi nilikuwa mbele kushoto, nimelala. Mkono wangu, hata ungekuwa wa ngamia, usingefika pale.

Kutoka chini ya tumbo la gari mtu haoni watu, anaona miguu yao. Nilikaa kwenye ule mkeka nikarudi chini ya Kobe, na nikaiona. Nyuma upande wa kulia, kati ya magurudumu, viatu vya ngozi ya kahawia, soksi nyeupe, na ncha ya fimbo. Nilikuwa nayo picha hiyo kichwani miaka yote. Sikuiuliza chochote kwa sababu tajiri alikuwa na haki ya kusimama karibu na mali yake. Alikuja mchana ule kukagua silanga. Na kila aliyewahi kumwona mtu huyo mnadani Oldonyiro anajua alivyokuwa: akishanunua ng'ombe, anampiga matakoni kwa fimbo mara mbili, pa, pa, maana yake huyu ni wangu, haya, aende. Alipiga ngamia hivyo, alipiga ubao wa lori hivyo, akiagana na wewe alikupiga bega hivyohivyo. Mtu wa mifugo. Alimpiga Kobe matakoni kwa sababu alimpenda, na kwa sababu mnyama wako ukitosheka naye unamgonga aende. Mtindo wetu wa spana hakuujua, nani angemwambia? Sisi tulikuwa watu wa chini.

Nilimwambia dereva habari ya viatu na fimbo. Kiganja chake kililala juu ya sanduku.

"Kwenye kikao," akasema, "alikuja bila fimbo. Nilimwona mara ya kwanza bila fimbo. Nikamwuliza, mzee, leo huna bakora? Akasema imevunjika. Kikao kizima nilikuwa nasema niligongewa, niligongewa, na yeye amekaa mbele yangu anaangalia mikono yake."

"Alijua."

"Baada ya kunisikia mimi, alijua."

Binti akasema, "Subhanallah," akaenda nje na mtoto.

Basi naandika hapa, na nikiulizwa nitarudia: ni tajiri. Kupiga alipiga bila kujua, hilo ni la Mungu. Lakini alijua akakaa kimya, akaacha watu wawili wachukiane maisha mazima katika mji mmoja. Nyama zile za Idi nilizomsifia, sasa najua zilikuwa mguu kwa mguu. Siku ya kumzika nilitupa udongo na nikamwombea, na nililia. Ningeomba machozi yale yarudi.

Dereva naye sikumwachia. Nilimwambia, "Hata kama uligongewa, sheria ilikuwa uchungulie chini kwanza."

"Ndiyo."

"Ulichungulia?"

"Sikuchungulia. Ilikuwa jua kali, nilikuwa nimechoka, niliamini chuma." Akaondoa kiganja kwenye sanduku. "Hilo ni langu."

Hilo ndilo neno nililolifuata, au nusu yake, na lilipotoka halikuwa na uzito. Nilikunywa chai, ilikuwa baridi. Tulikaa kama watu waliokutana stendi. Sikujua kuongea naye. Miaka yote nilikuwa naongea naye kila siku, nikiziba sufuria, nikilala, nilimtukana, nilimhoji, nilimshinda kwa maneno, na yule niliyekuwa naongea naye hakuwa huyu mzee mwenye redio. Huyo wangu alikuwa amekufa hapo kwenye mkeka, na nilimkosa. Aliyebaki na hatia yuko kaburini na dua yangu juu yake. Utakwenda kumgombeza nani? Mtoto wake? Alikuwa anajifunza kutembea wakati ule.

Nilipoinuka, dereva akasema, "Niachie hilo gari. Mchana ni mrefu hapa."

"Halijaisha."

"Njoo basi nikwambie ndani kulivyokuwa. Kiti kilikuwa na bonde upande mmoja. Vijiti viwili, cha kushoto kimekunjwa, nilikikunja mwenyewe. Nani mwingine atakwambia?"

Nilisema inshallah, ile inshallah ambayo kila mtu anaijua.

Lakini nilirudi, wiki iliyofuata na baadaye. Si urafiki. Naketi, ananiambia kijiti kirefu zaidi, nakata kingine, anapapasa, anasema kifupi, tunagombana juu ya kiti, naondoka. Siku zingine analala nikiwa bado hapo, na mimi nafunga katoni polepole nisimwamshe. Binti anasema nije zaidi. Kabini sasa ina kiti chenye bonde na vijiti viwili, na mtu hayumo. Sanamu ya mtu sitengenezi, dini yetu haitaki, na hata ningeruhusiwa nisingeweza kuzitengeneza zile soksi.

Badala yake nilichukua msumari na nyundo ndogo. Kwenye kifuniko cha sanduku la vyombo, nyuma kulia, nilipiga bonde moja, na kando yake bonde la pili. Kisha nikamweka Kobe juu ya meza ya kibanda, mahali mtu anayeleta sufuria hawezi kukosa kumwona.

Mama wa maziwa alikuja kumwangalia siku hiyo. Alimzunguka, akasukuma mnyororo kwa kidole, ukaenda. "Umemaliza, fundi," akasema. "Mashallah." Halafu akainama akagusa kile kifuniko. "Hapa tu ndiyo umeharibu. Nyundo ilikuponyoka."

"Haikuponyoka, mama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

"Ilikuwa nini?"

Nilifungua mdomo. Mteja akamwita kutoka ng'ambo, anataka lita mbili za maziwa, na akaenda kumpimia.